Kidonge kilichojifanya chakula

Barua za safari hii zimenirudisha kwenye kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kabla sijaanza safu hii: kupima vitu vinavyovuka utando wa seli. Nimechagua tano. Nimezifupisha, wenyewe mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwuguzi. Mgonjwa wa mkanda wa jeshi akiandikiwa asikloviri, humeza miligramu 800 mara tano kwa siku. Akiandikiwa valasikloviri, humeza gramu moja mara tatu tu. Daktari ananiambia ni dawa ileile. Kama ni ileile, kwa nini mmoja nimfuate na kikombe cha maji kutwa nzima na mwingine nimwone mara tatu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Daktari amesema kweli, ila amekuachia nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo yenye utamu.

Asikloviri ina kasoro moja: kuvuka kunaishinda. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, unene wake kama nanomita 5, na molekuli ya asikloviri haiyapendi mafuta. Ukiimeza, kati ya asilimia 10 na 20 ndiyo hufika kwenye damu. Iliyobaki hupitiliza ikaenda chooni. Tena dozi ikikua, asilimia hiyo inashuka.

Waliotengeneza valasikloviri hawakuigusa sehemu inayopigana na virusi. Waliibandika valini tu, asidi amino ya kawaida ambayo mwili huipata kila unapomeng'enya protini. Kifurushi hicho kikifika kwenye utumbo mwembamba hukutana na protini iitwayo PEPT1, iliyopachikwa kwenye utando wa seli za utumbo, upande unaotazama chakula. Kazi yake ni kuokota peptidi fupi, vipande vya asidi amino mbili au tatu, na kuviingiza ndani. Protini za namna hii mimi huziita vichukuzi. PEPT1 huipokea valasikloviri kama inavyopokea kipande chochote cha chakula. Ikishavuka, vimeng'enya vya ukuta wa utumbo na vya ini huikata valini, asikloviri ikabaki peke yake. Hapo kiasi kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 54.

Tupige hesabu, maana wauguzi mnapenda namba. Gramu moja ya valasikloviri ina asikloviri kama miligramu 695. Uzito uliobaki ni wa valini. Mara tatu ni 2,085, na asilimia 54 yake ni kama 1,120. Mgonjwa wako mwingine amemeza miligramu 4,000 kwa siku. Hata tukimkirimu tukampa asilimia 20, anapata 800. Aliyemeza mara tatu amemzidi aliyemeza mara tano.

Sasa utaniuliza, PEPT1 inadanganywaje kirahisi hivyo? Nasema inadanganywa, lakini protini haina macho. Ina mfuko. Upande mmoja wa mfuko hushika kichwa cha asidi amino, chenye chaji chanya, na kwingine pana nafasi ya kupokea karibu chochote. Lazima iwe hivyo. Asidi amino 20 ukizipanga mbili mbili unapata peptidi 400 tofauti. Ukizipanga tatu tatu, 8,000. Kichukuzi kimoja kinazibeba karibu zote, kubwa na ndogo, zenye chaji na zisizo nayo. Kingekuwa na mfuko wa kuchagua sana, tungehitaji vichukuzi maelfu. Huo ulegevu wake ndio mlango wa dawa. Antibayotiki kama sefaleksini na sefadroksili hupita hapohapo kwa sababu umbo lao linakaribiana na peptidi ya asidi amino tatu. Hazikutengenezwa kwa hila hiyo. Zilifanana nayo tu, kwa bahati yetu.

Kuna mambo mawili ambayo PEPT1 haina mzaha nayo. La kwanza ni urefu: asidi amino nne zilizoungana hazipiti. La pili ni upande. Asidi amino zina sura mbili zinazofanana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na miili yetu hutumia ya kushoto. Ukiibandika asikloviri valini ya mkono wa kulia, atomu zilezile, uzito uleule, PEPT1 karibu inaikataa.

Na sipendi ile michoro inayoonyesha kichukuzi kama bomba lililotoboa utando. Bomba likiwa wazi, seli ingevuja kila kitu. PEPT1 ni mnyororo mmoja unaopenya utando mara 12, uliojikunja ukawa nusu mbili. Nusu hizo zikijifungua kwa nje, kwa ndani zimebana. Mzigo ukishaingia mfukoni, zinageuka: nje panafungwa, ndani panafunguka. Hakuna wakati ambapo pande zote mbili ziko wazi. Mwanasayansi Oleg Jardetzky aliliandika wazo hili mwaka 1966, wakati hakuna aliyewahi kuona umbo la kichukuzi hata kimoja. Picha za PEPT1 ya binadamu, zilizopigwa kwa darubini ya elektroni sampuli ikiwa imegandishwa, zilitoka mwaka 2021, na zinakubaliana naye.

Kinachosukuma mgeuko huo ni protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya, zilezile zinazofanya kitu kiwe asidi. Juu kabisa ya seli za utumbo pana tabaka jembamba lenye asidi kidogo, pH ya kama 6 (pH ni kipimo cha asidi: ikishuka, protoni zimeongezeka), kwa hiyo protoni ni nyingi nje kuliko ndani na zinatafuta njia ya kuingia. PEPT1 inazipa njia kwa sharti kwamba ziingie pamoja na peptidi. Seli nayo inabidi izitoe tena, na inazitoa kwa kubadilishana na sodiamu. Sodiamu inayoingia kwa njia hiyo hutolewa na pampu ya upande wa damu, ambayo kila mzunguko hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Pampu hiyo ndiyo pekee katika msururu huu inayochoma moja kwa moja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliielezea mwaka 1957, akasubiri miaka 40 kupewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo kidonge cha mgonjwa wako kinaingizwa na protoni, protoni zinadaiwa na sodiamu, na deni lote linalipwa na pampu ambayo haijawahi kukutana na kidonge.

Hili la protoni nililijua vitabuni, lakini liliniingia kwa aibu. Maabara niliyofanyia kazi ilitumia mayai ya chura aina ya Xenopus. Yai moja lina upana wa milimita moja na ushei, nusu jeusi nusu rangi ya maziwa. Unalidunga kwa sindano ya kioo iliyochongoka, unaliachia nanolita 50 za RNA yenye maelekezo ya kuunda PEPT1, kisha unalitunza kwenye nyuzi 18 kwa siku tatu. Yai haliulizi maswali. Linaunda protini ya utumbo na kuipachika kwenye utando wake. Kwa njia ya mayai hayahaya ndivyo jeni ya PEPT1 ya sungura ilivyogunduliwa mwaka 1994. Siku ya nne unalizamisha kwenye maji yenye peptidi iliyotiwa alama ya mnururisho. Dakika kumi zikipita unalimwagia maji ya barafu ili kila kitu kisimame papo hapo, unaliosha, unalipasua, unalipeleka kwenye mashine ya kuhesabu.

Siku hiyo mashine ilinipa namba za kusikitisha. Mayai ya RNA yalikuwa yamezidi kidogo tu yale niliyoyadunga maji matupu. Nikaamua RNA imeoza, nikatupa mayai yote, kazi ya siku tatu. Mkuu wangu alipita, akatazama karatasi, akauliza neno moja: "pH?" Nilikuwa nimechanganya maji ya pH 7.5 badala ya 5.5. Peptidi zilikuwepo, vichukuzi vilikuwepo tele. Msukumo wa protoni ndio uliopungua. Mpaka leo nikichanganya chochote naangalia kibandiko mara mbili.

SWALI: Mwalimu, kitabu chetu cha biolojia kinasema protini lazima ivunjwe mpaka asidi amino moja moja ndipo ifyonzwe. Wewe uliwahi kuandika kwamba peptidi hupita nzima. Nani mkweli? Na kama peptidi zinapita, kwa nini insulini inachomwa sindano?

JIBU: Kitabu chako kimechelewa, hakijadanganya. Wanasayansi wengi waliamini hivyo kwa muda mrefu, na waliowabadilisha mawazo ni pamoja na wagonjwa.

Mwaka 1956 madaktari wa London walieleza ugonjwa wa kurithi waliouita Hartnup, kwa jina la familia walimouona. Wenye ugonjwa huo wana kasoro kwenye kichukuzi cha asidi amino zisizo na chaji, triptofani ikiwemo. Ukiwapa triptofani yenyewe, utumbo unaifyonza kwa shida. Karibu na mwaka 1970 watafiti walijaribu kuwapa asidi amino hizohizo zikiwa zimeungana mbili mbili, na zikaingia vizuri. Tafakari hapo. Kama ingekuwa lazima zitenganishwe kwanza, zingekwama kwenye mlango uleule mbovu. Zilipita kwa sababu palikuwa na mlango mwingine, ambao jina lake, PEPT1, lilikuja miaka zaidi ya 20 baadaye.

Kitabu chako kinapata alama kidogo kwa jambo moja: peptidi zikishaingia ndani ya seli ya utumbo, nyingi hukatwa humohumo, kwa hiyo kinachotoka kuelekea kwenye damu ni asidi amino moja moja kwa sehemu kubwa. Aliyepima damu peke yake asingegundua kitu.

Insulini ina asidi amino 51. PEPT1 inaishia tatu. Hata kabla ya kufika huko, asidi ya tumbo na vimeng'enya vitakuwa vimeikatakata, nayo ikishakatwa ni chakula, si insulini tena. Usisahau pia kwamba insulini ikiwa kwenye damu haihitaji kuingia ndani ya seli ili ifanye kazi. Inashika kipokezi kilicho juu ya utando, na ujumbe unapelekwa ndani na wengine.

Kuna mwenzako mmoja ameniuliza kuhusu vidonge vya semaglutidi, dawa ya kisukari ambayo ni peptidi ndefu na inamezwa. Kweli inamezwa, tangu 2019. Lakini hakuna kichukuzi hapo. Kidonge kimechanganywa na kemikali inayoisaidia kupenya ukuta wa tumbo, na bado kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 1 au chini yake. Ndiyo maana kinamezwa tumbo likiwa tupu na maji kidogo tu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Namtunza baba yangu mwenye ugonjwa wa Parkinson. Anameza levodopa. Kuna siku dawa inamshika vizuri, na kuna siku, hasa baada ya kula nyama ya kutosha, ni kama hakumeza kitu. Ndugu zangu wananiambia nimezoea kulalamika.

JIBU: Marahaba, na pole kwa uuguzi. Hulalamiki, unapima. Ulichokiona kinajulikana kwa madaktari na kina maelezo.

Baba yako amepungukiwa na dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Kumpa dopamini yenyewe hakusaidii, kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo imefungana barabara na dopamini haina kichukuzi cha kuivusha. Levodopa ni asidi amino. Inavushwa na kichukuzi kiitwacho LAT1, halafu ndani ya ubongo inageuzwa kuwa dopamini. Ni hila ileile ya valasikloviri, ila huku ni ya zamani zaidi na mlango ni mwingine.

Tatizo ni kwamba LAT1 haikuwekwa pale kwa ajili ya levodopa. Inavusha leusini, fenilalanini, tirosini na ndugu zao, na nyama ikishameng'enywa hizo hufurika kwenye damu. Viti ni vilevile, abiria wameongezeka. Msongamano kama huo unatokea pia kwenye utumbo wakati kidonge kinafyonzwa. Levodopa haijaharibika popote, imekosa nafasi.

Usimkatie protini, mwili wake unazihitaji. Andika kwa wiki mbili saa anayomeza dawa, saa anayokula na saa anayoanza kusogea vizuri, kisha mpelekee daktari wake daftari hilo. Mara nyingi ushauri ni kumeza dawa kama nusu saa kabla ya chakula, na wengine husogeza sehemu kubwa ya protini kwenye mlo wa jioni. Aamue daktari, maana wapo ambao dawa ikikuta tumbo tupu inawatia kichefuchefu.

Habari ya viti inanikumbusha gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, nayo hubebwa na kichukuzi cha asidi amino. Ukimpa mtu miligramu 900 kwa siku, asilimia kama 60 hufyonzwa, yaani 540. Ukimpa 3,600, asilimia inashuka hadi kama 33, yaani chini kidogo ya 1,200. Dozi imekuwa mara nne, dawa mwilini imekuwa kama mara mbili tu. Asiyejua habari za vichukuzi atamshuku mgonjwa kuwa hamezi vidonge.

SWALI: Mwalimu, kama kuna vichukuzi vya kuingiza, vya kutoa hakuna?

JIBU: Vipo, na vina nguvu kuliko unavyodhani. Maarufu kuliko vyote ni P-glikoprotini. Watafiti Juliano na Ling waliielezea mwaka 1976 kwenye seli za hamsta, mnyama mdogo jamaa wa panya, zilizokuwa zimegoma kufa kwa sumu ya kolkisini. Inachoma ATP na kusukuma nje vitu vya kila namna, dawa za saratani zikiwemo. Ulegevu wake wa kupokea unaipita hata PEPT1.

Faida yake unaiona kwenye loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara. Ni jamaa wa mofini, lakini mtu akimeza dozi ya kawaida halewi, kwa sababu P-glikoprotini iliyo kwenye mishipa ya ubongo huirudisha kwenye damu kila inapojaribu kuingia. Mbwa wengi wa aina ya Collie wana jeni ya protini hiyo ikiwa imepotewa na herufi nne za DNA, kwa hiyo haifanyi kazi. Kwao, ivamektini, dawa ya minyoo, ya dozi kubwa ambayo mbwa mwingine anaivumilia inajaa ubongoni na inaweza kuwaua.

Madaktari wanaotibu moyo wanaijua kwa sura nyingine. Mgonjwa anayemeza digoksini akianzishiwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, utumbo wake huongeza P-glikoprotini, na digoksini kwenye damu inashuka bila mtu kubadili kidonge.

Figo nazo zina vichukuzi vyake vya kutoa, na hivyo ndivyo vilivyowatesa watu wa penisilini. Mwaka 1941 pale Oxford askari polisi mmoja alitibiwa kwa penisilini chache iliyokuwepo. Figo zilikuwa zinaitoa haraka kiasi kwamba watafiti walikusanya mkojo wake, wakaichuja dawa, wakamrudishia. Alianza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafa. Baadaye, penisilini ikiwa bado ya kuhesabiwa, zilitafutwa dawa za kuvishughulisha vichukuzi hivyo vya figo ili penisilini ikae kwenye damu kwa muda zaidi. Probenesidi ilitokana na juhudi hizo, na leo inajulikana zaidi kwa kutibu jongo.

SWALI: Karatasi ya dawa yangu ya mzio, feksofenadini, inasema nisiimeze na juisi ya matunda. Ni kwa sababu juisi inaizidisha nguvu?

JIBU: Kinyume chake. Unafikiria habari ya balungi na simvastatini, dawa ya kolesteroli, ambapo juisi hukizuia kimeng'enya kinachoivunja dawa, ikazidi kwenye damu. Feksofenadini haivunjwi sana mwilini. Inahitaji kichukuzi cha kuiingiza kwenye ukuta wa utumbo, na juisi ya balungi, ya chungwa au ya tufaa hukiziba kichukuzi hicho kwa muda, dawa ikaingia pungufu. Meza kwa maji. Juisi isubiri saa kadhaa.